Kidole cha Mwisho cha Tarishi wa Bati

Rambirambi za klabu ya magwaride zilikuja na dai. Mistari miwili ya kwanza ilisema wamehuzunika sana kusikia habari za baba yangu, kwamba alikuwa muungwana na hakuwahi kukosa gwaride hata siku za mvua. Mstari wa tatu uliuliza kama ningepata nafasi ya kuwatafutia glavu ya mkono wa kulia, kwa kuwa msimu unakaribia na ile ndiyo glavu ya asili, haitengenezwi tena popote. Mwishoni waliweka picha ya ua. Niliusoma ujumbe ule nimesimama kwenye kituo cha basi Peckham, kusini mwa London, wiki ya tatu tangu nimzike, nikatukana kwa Kiswahili na kwa sauti. Mama mmoja mwenye kikapu cha magurudumu aligeuka akaniambia pole, kumbe anajua lugha.

Glavu niliikuta chini ya kitanda chake, ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la nyama. Nilipoufungua ilitoka harufu ya mpira mkongwe, poda ya watoto, jasho na rangi ya fedha ya kupuliza. Wenzangu tuliokulia huku kila mmoja ana harufu ya Jumamosi zake. Mwingine ni mafuta ya nywele ya saluni alikoshinda akimsubiri mama yake, mwingine ni zulia bichi la kanisa la kukodi. Yangu mimi ni hiyo, nami nilikuwa nimeikimbia kwa miaka mingi.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Huko Tabora aliwahi kuwa na madarasa manne na chaki yake mwenyewe mfukoni. London haikuwa na haja na mwalimu wa Kiswahili. Ilikuwa na haja na mtu wa kuosha mabasi, na baba akayaosha, kwenye depo moja kusini mwa jiji, mpaka mgongo ukamkataa. Watanzania wenzetu waliendelea kumwita Mwalimu. Hicho ndicho kitu pekee alichovuka nacho mpaka kikafika salama.

Pale depo alikuwepo fundi mmoja Mwingereza aliyeitwa Ken, mpole, mwenye tumbo, na mgonjwa wa vipindi vya zamani vya televisheni. Yeye na wenzake walikuwa na klabu ya kumuenzi Tarishi wa Bati, mhusika wa kipindi cha watoto kilichokwisha kabla sijazaliwa. Tarishi alikuwa mtu wa bati anayepeleka barua, na kila barua aliipeleka nyumba isiyo yake. Kwisha. Miaka yote ya kipindi ilikuwa ni hiyo, na Waingereza wa umri fulani hadi leo ukimtaja wanalainika macho. Klabu ilikuwa imepata mavazi yenyewe ya asili, lakini yalishonewa mtu mrefu kupita kiasi, na kati yao wote hakuna aliyeyajaza. Ken akamwangalia baba akipangusa kioo cha basi bila ngazi, na mambo yakaanza.

Kwa hiyo majira yote ya joto ya utoto wangu tulipanda treni kwenda kwenye miji midogo ya Kent na kwingineko, miji yenye barabara moja kubwa, kanisa moja na gwaride moja kwa mwaka. Kulikuwa na malori yaliyopambwa, wasichana waliovikwa mataji ya karatasi, bendi ya matarumbeta, wazima moto na ndoo zao za kuchangisha. Katikati yake alipita Tarishi wa Bati, kichwa kama ndoo iliyopinduliwa, mkoba begani, akitembea magoti yasiyokunjika na kupunga kiganja wazi mara tatu kulia, mara tatu kushoto. Haruhusiwi kusema. Haruhusiwi kuvua kichwa mbele ya mtoto. Ken alilisimamia jambo hilo kuliko sheria za nchi.

Mimi nilisimama nyuma ya kamba pamoja na watoto wengine, askirimu ikinichuruzika mpaka kiwikoni, na nilikuwa mtoto pekee kwenye mtaa ule aliyejua. Maana tulikuwa na alama yetu. Akifika mbele yangu, katikati ya kupunga, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilijikunja mara mbili. Tarishi wa kwenye televisheni hakuwahi kufanya hivyo. Ilikuwa ni baba akiniambia, ni mimi humu. Siwezi kueleza vizuri utamu wa kitu kile. Watu mia tatu wanamshangilia, naye anazungumza na mimi tu.

Njiani, ndani ya treni, alinifundisha ngeli. Mimi nilizaliwa hapa na, kama wengi wetu, nilisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, na baba aliona hilo ni kama nyumba kuingia maji. Alitumia alichokiona dirishani. Kiti kimechakaa, viti vimechakaa. Mti umeanguka, miti imeanguka. Nikikosea alisubiri tu, hakunisahihisha, mpaka nijisikie mwenyewe. Alinionya kwamba chenye uhai kina njia yake: kiongozi anakuja, si kiongozi kinakuja, kwa sababu mtu ni mtu hata jina lake likianza na ki. Nililishika somo hilo vizuri sana. Ningelishika vibaya, pengine leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Mama hakuja kwenye gwaride hata moja. Alikuwa mlezi kwenye nyumba ya wazee, akitoka shifti amechoka hadi kope, na aibu ya Jumamosi zetu aliibeba peke yake. Siku moja nilimsikia kwenye simu na dada yake wa Tanga. Alikuwa amenipa mgongo, anakatakata vitunguu, simu kaibana begani. Akasema mwalimu mzima, na shahada yake, amekwenda kuwa kinyago cha Wazungu.

Nililiokota neno nikaondoka nalo nimefurahi. Kinyago nilikijua. Juu ya televisheni yetu kilikaa kinyago cha mpingo, wazee watatu wamebebana, na kila mgeni aliyeingia alikipapasa na kukisifu. Baba alikuwa akiwaambia kwamba fundi alikichonga miezi saba, na kwamba nyumba yenye kinyago kama kile haiwezi kuitwa nyumba ya maskini. Kwa hiyo kichwani mwangu kinyago kilikuwa kitu cha thamani ambacho watu husafiri kuja kukitazama. Na baba yangu ndiye hicho, cha Wazungu wote. Nilishangaa mama kulisema neno zuri namna ile kwa sauti ya hasira, lakini mama alikuwa na hasira hata akisema chumvi.

Desemba ile Watanzania walikodi ukumbi wa kanisa, hapahapa Peckham, kusherehekea Uhuru. Kulikuwa na pilau, hotuba ndefu, na shindano la watoto, la kuonyesha kwamba hatujapotea. Kila mtoto alipanda jukwaani, akataja jina, umri, na kazi ya baba au mama, yote kwa Kiswahili. Mshereheshaji alikuwa shangazi mmoja wa kilemba kikubwa, mchangamfu. Walionitangulia waliharibu. Mmoja alisema baba yake ni sekyuriti, mwingine alisahau neno la nesi akalia. Nilimwona baba safu ya pili, suti yake ya kahawia, mikono juu ya magoti, amejiandaa kusikia mavuno yake.

Shangazi aliponifikishia kipaza sauti nilisimama wima nikasema: "Baba yangu ni kinyago cha Wazungu. Kinasafiri miji mingi, na kinapendwa sana."

 Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Pazi, na akishacheka yeye basi wote wana ruhusa. Niwakumbushe waliosahau: baba alikuwa Mnyamwezi, Mzee Pazi Mzaramo, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani akikutania hukasiriki. Anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, akachukua kiti chako, akala nyama yako, na ukinuna mkosaji ni wewe. Alisimama, akafuta machozi ya kicheko, akawaambia watu, "Mmesikia wenyewe, sijasema mimi. Mnyamwezi wangu kachongwa Ulaya." Wakacheka upya. Baba naye alicheka, kama ilivyompasa. Mimi niliyaona meno yake nikadhani ni fahari.

Nikashinda. Lipo jambo linaloniuma hadi leo kuliko kicheko, nalo ni hilo. Shangazi alitangaza kwamba mtoto huyu, jamani, hakukosea hata ngeli moja: kinyago cha, kinasafiri, kinapendwa. Zawadi ilikuwa kamusi.

Tulirudi kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele ninachokipenda. Mama alikuwa shifti, hakuwepo. Nilisubiri sifa yangu. Baba aliichukua kamusi mapajani mwangu, akaifungua bila kutafuta sana, kama mtu anayejua neno liko wapi, akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma maana ya pili, mama," akasema.

Ndivyo alivyoniita siku zote, mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao. Nikasoma. Ya kwanza ilikuwa sanamu ya kuchonga, kama nilivyojua. Ya pili ilikuwa mtu wa kuchekwa, asiye na heshima mbele za watu. Nilisoma polepole, kwa sauti, na nilipomaliza alifunga kitabu akanirudishia. Akatazama mbele mpaka tulipofika. Nilikuwa na umri wa kujua kuomba radhi. Badala yake nilisema kwa Kiingereza kwamba mama ndiye aliyesema.

Tarishi wa Bati hakuwahi kupeleka barua vibaya kuliko ile. Usiku huo sikusikia kelele, wazazi wangu hawakuwa watu wa kelele. Walichofanya ni kuacha kusemezana, mwezi mzima na siku kadhaa, na maneno yao yakapitia kwangu. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeona. Nilitembea kati ya jiko na sebule na ujumbe ambao wote wawili walikuwa wameshausikia kupitia ukuta.

Nje nako jina lilishika. Mzee Pazi hakumwita tena Mwalimu. Kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya pasipoti ubalozini, ilikuwa ni Kinyago, Kinyago wangu, habari za Kinyago, na kwa kuwa lilitoka kinywani mwa mtani, lilikuwa na kinga. Wengine ambao hawakuwa watani wakalidandia. Kufikia Pasaka sikumsikia mtu akisema Mwalimu. Kile kitu kimoja alichovuka nacho kilipotea nikiwa nimekishika mimi.

Nilidhani ataacha magwaride. Hakuacha. Mama alimuuliza, siku waliyoanza kusemezana, anatafuta nini huko ikiwa amesikia dunia inavyosema. Nilikuwa mlangoni. Alimjibu kwamba ndani ya kile kichwa haoni vizuri, lakini anawasikia watoto wakimwita wote kwa pamoja, na kwamba ni muda mrefu hajaingia darasani.  Nadhani ndiyo mara ya mwisho mama kumsema kwa hilo.

Msimu ulipofunguliwa nikaenda naye. Treni ileile, dirisha lilelile, ila hapakuwa na ngeli. Nilitaja viti, nikataja miti, nikikosea kwa makusudi ili asubiri nijisikie. Alikuwa anasoma gazeti. Nikajiambia haidhuru, kwenye kamba ataniambia.

Ulikuwa mji wenye mteremko, nakumbuka kwa sababu lori la malkia wa gwaride lilishindwa kupanda. Nilijipenyeza mbele kabisa. Tarishi akaja, magoti yake makavu, akapunga tatu kulia, tatu kushoto. Akafika kwangu. Nilikitazama kidole cha mwisho mpaka macho yakaniwasha. Kilikaa kimya, kimeshikamana na mwenzake. Akapita.

Gwaride la pili vilevile, na la tatu. Kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika ni nani aliyemo ndani, na niliogopa kama wale watoto wadogo waliokuwa wakimwona wakajificha kwenye sketi za mama zao. Siku ya gwaride la nne, kwenye treni ya kurudi, nilimuuliza kwa Kiswahili, neno moja moja, nikihesabu kila kiambishi, kwa nini hanipi alama yangu. Alikunja gazeti. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kinyago hakina mtoto, mama," akasema.

Hakina. Aliniachia niisikie mwenyewe, kama zamani. Aliniambia chenye uhai kina njia yake, nami nikamwondoa huko mbele ya ukumbi mzima, nikapewa zawadi. Sasa alikuwa ananionyesha kwamba alipo ni hapo nilipomweka.

Nilifika miaka kumi na miwili nikaacha kwenda. Nikaacha na Kiswahili chenyewe. Alinisemesha kwa lugha yake, nikamjibu kwa yangu, na tukaishi hivyo nyumba moja kisha nyumba mbili, kwa adabu, miaka inapita. Nilimpeleka hospitali, nilimnunulia koti, nilimkata kucha mikono yake ilipoanza kutetemeka. Radhi sikumwomba. Kila nilipokaribia nilihisi kwamba lazima niombe kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa ndicho nilichomwumizia. Alikufa Februari, asubuhi, redio imewashwa.

Mzee Pazi alikuja mazikoni na fimbo, mzee kuliko nilivyotarajia. Alifanya kazi ya mtani. Alivaa koti la baba juu ya lake, akatutangulia kwenye njia ya makaburi, magoti makavu, fimbo kwapani, akipunga kiganja tatu kulia, tatu kushoto. Watu walicheka huku wanalia, na najua ndivyo inavyotakiwa, mtani humwiga marehemu ili msiba upumue. Mimi nilichemka. Nilimfuata kwenye chai nikamwambia kwamba yule aliyemwiga hakuwa baba yangu. Nilimwambia angemwiga anavyosubiri mtu ajisikie kosa lake, anavyonusa kitabu kabla ya kukisoma.

Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake sikuiomba. "Mwanangu, mtani huiga anachokijua," akasema. "Sisi mwingine hatukumjua, tangu siku ile ulipotutambulisha."

Sasa turudi kwenye glavu. Klabu walitaka niitume kwa posta, lakini kwanza niliamua kuisafisha, maana sitaki mtu aseme baba yangu aliacha uchafu. Niliipaka sabuni, nikapitisha kitambaa kidole kwa kidole. Nilipofika mwishoni kitambaa hakikupita. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshonwa pamoja na mwenzake, kuanzia kwenye kiganja mpaka ncha. Uzi mweusi, mishono mirefu mirefu iliyopinda, nikaitambua papo hapo, kwa sababu ndivyo alivyoshona suruali zake maisha yote, ushonaji wa mtu aliyejifunza bwenini.

Nilikaa sakafuni. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba aliamua tu kutonipa ile alama, kama mtu anavyozima taa. Kumbe hakuweza. Kidole kilikuwa na mazoea yake, kikiniona pale kwenye kamba kilijikunja chenyewe, ikabidi akifunge. Alikaa mahali na sindano, mwalimu yule, akashona mkono wake ili usinisamehe.

Na haukuwa uzi mmoja. Chini kabisa kulikuwa na uzi mkongwe uliopauka na kukatika, juu yake mwingine, juu yake mwingine tena, na wa juu kabisa ulikuwa mweusi tii, wa mwaka jana kwa vyovyote. Kila ulipokatika alishona upya. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Sijui alikuwa akikifunga dhidi ya nani.

Nilichukua mkasi wa kucha nikakata nyuzi zote, moja baada ya nyingine. Sikuituma kwa posta. Jumamosi ya kwanza ya msimu nilipanda treni, nikamkabidhi mtoto wa Ken aliyerithi klabu, kijana mstaarabu sana, akaniuliza kama ningependa kubaki nitazame. Aliyevaa sasa ni mtu mrefu wa benki, aliniambia jina nikalisahau. Nilisimama nyuma ya kamba, mwanamke wa miaka arobaini kati ya watoto wa watu.

Alikuja. Tarishi wa Bati yuleyule, magoti makavu, watoto wanapiga kelele, hakuna aliyejua kwamba mtu amebadilika humo ndani. Akapunga tatu kulia, tatu kushoto. Alipofika mbele yangu kidole cha mwisho kilijikunja mara mbili, nikaikamata kamba. Kisha kikajikunja ya tatu, na ya nne, kwa mtoto aliyefuata, kwa polisi, kwa mbwa, kikining'inia na kucheza kwa kila hatua kwa kuwa mpira ulishalegea na hakuna kilichokishika tena, na nikajua kwamba hakikuwa kikisema kitu.